KAITI SIYO KIKI! Mastaa Acheni Kudanganya Watu Kwamba Paje Unajifunza Siku Moja

Msimu wa kusi umekolea, upepo wa Paje unavuma, na kama kawaida Instagram nzima imegeuka ufukwe. Ukifungua simu asubuhi unakutana na mrembo kavaa mkanda mpana kiunoni, kashika ile fimbo ya kaiti, nywele zinapepea, nyuma yake bahari ya kijani. Ukifungua jioni unakutana na mwingine. Pozi lile lile, bahari ile ile, na ukiangalia vizuri hata kaiti ni ile ile. Kapsheni nazo utadhani zimeandikwa na mtu mmoja: siku ya kwanza tu, na tayari wanapaa.

Uongo mtupu. Hakuna aliyepaa.

Iliyowasha moto safari hii ni klipu ya sekunde 12 ya staa mmoja wa kike wa Bongo Movie. Jina lake halitajwi hapa, kwa sababu tatizo siyo yeye peke yake, na wanaomjua wameshamjua. Kwenye klipu amesimama kwenye maji ya magotini, kaiti ya rangi ya chungwa iko juu, anacheka, ananyanyua mguu mmoja, klipu inakatika. Basi mashabiki wakamwaga sifa. "Huyu dada hashindwi kitu." "Kipaji cha kuzaliwa." "Ni bei gani nami nikajaribu Jumamosi?"

Siku mbili baadaye ikaanza kuzunguka WhatsApp klipu nyingine, iliyochukuliwa na mtu aliyekuwa pembeni. Ndani yake kuna kitu ambacho staa alikikata. Nyuma yake amesimama kijana mwembamba, fulana ya mikono mirefu, kofia kichwani. Mkono mmoja amemshika staa kwa nyuma kwenye mkanda, mkono mwingine uko kwenye fimbo. Huyo kijana ndiye anayerusha kaiti. Staa amewekwa mbele kama picha ya kava. Halafu inakuja sekunde ya 13, ile ambayo mashabiki hawakuoneshwa. Kaiti inashuka ghafla upande wa kushoto, staa anavutwa, anakwenda kifudifudi majini, na kijana anaanguka naye kwa sababu hakumwachia.

Watu wamecheka sana na hiyo sekunde ya 13. Lakini ukweli ni kwamba hiyo sekunde ndiyo pekee iliyokuwa ya kweli kwenye klipu nzima. Na kuificha siyo urembo wala biashara. Ni kuwaweka watu wengine hatarini.

KAITI NI MNYAMA GANI?

Kwa wale wanaoiona kwenye simu tu, kaiti ni kama lile tiara la utotoni, wengine mnaita kishada, ila limekuzwa mpaka likawa na nguvu za kumburuza mtu mzima. Kitambaa chake kwa mtu wa kawaida kina ukubwa wa mita za mraba 7 hadi 12. Pembeni kina mrija unaojazwa hewa kwa pampu, ndiyo maana kikianguka majini kinaelea. Kimefungwa kamba nne, nyembamba na ngumu, zenye urefu wa mita 20 na kitu. Kamba hizo zinaishia kwenye fimbo ambayo wenyewe wanaiita baa, na hii baa haiuzi bia. Baa nayo imenasa kwenye ule mkanda wa kiunoni, hanesi.

Hapo penye hanesi ndipo watu wengi hawapaelewi. Wanadhani ukizidiwa unaachia mikono na mambo yameisha. Ukiachia mikono, nguvu ya kaiti inapungua ndiyo, lakini wewe bado umefungwa nayo kiunoni. Kama imeshaanza kuzunguka inaendelea kukuvuta. Kuna kifaa cha kujifyatua, ukikisukuma mbele kaiti inapoteza nguvu na kubaki imeshikwa na kamba moja tu ya usalama. Ikiwa bado inavuta, unaiachia na hiyo kamba pia. Mwalimu yeyote wa maana anakufanyisha zoezi hilo mchangani tena na tena kabla hujalowa hata kidole.

Na upepo una hesabu yake mbaya. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokuvuta haiongezeki mara mbili, inakuwa mara nne. Kaiti iliyokuwa inakubembeleza saa nne asubuhi inaweza kukunyanyua saa tisa alasiri, na wewe ni yule yule, kilo ni zile zile.

Sasa mpe hicho kitu mtu aliyefika jana na boti, na anachowaza ni mwanga wa jua umekaaje usoni.

SIKU YA KWANZA YA KWELI INAFANANAJE?

Siku ya kwanza shuleni Paje haina picha nzuri, na hilo mastaa wanalijua. Mwanafunzi anaanzia mchangani. Anaambiwa asimame mgongo wake ukielekea upepo unakotoka, afikirie saa kubwa ya ukutani mbele yake. Saa 12 ni juu ya kichwa. Saa 9 na saa 3 ni pembeni, kushoto na kulia. Kaiti ikikaa juu au kwenye kingo zile za pembeni inatulia. Ikipita katikati, usawa wa mbele yako, hapo ndipo inapovuta kama punda aliyechapwa. Walimu wanaliita dirisha la upepo. Sehemu kubwa ya masaa ya mwanzo ni kujua tu kaiti yako iko wapi kwenye hilo dirisha bila kuchanganyikiwa.

Anarusha kaiti ndogo ya mazoezi. Anajifunza kupuliza pampu, kupanga kamba zisipishane, kumpa ishara mwenzake anayemrushia, na kuishusha. Akiingia majini haingii na bodi. Anaburuzwa na kaiti tumbo likiwa chini, anameza chumvi, anaburuzwa tena. Siku inayofuata anajifunza kuburuzwa kwa mkono mmoja ili aweze kuifuata bodi ikimponyoka, na kuinyanyua kaiti iliyoangukia majini. Bodi yenyewe mara nyingi inakuja siku ya tatu. Hapo anasimama mita tano, anaanguka. Mita nane, anaanguka.

Kozi ya mwanzo kwa kawaida ni jumla ya saa 9 mpaka 12 za mafunzo, na zinagawanywa kwenye siku tatu au zaidi. Shirika la kimataifa la mchezo huu, IKO, lina ngazi zake za wanafunzi na vyeti vya walimu, na shule nyingi duniani zinafuata utaratibu huo. Ukimaliza hizo saa bado hujawa mtu wa kujitegemea. Kuna kazi nyingine ya kujifunza kurudi kule ulikotoka, kwa sababu wanaoanza wote wanasukumwa na upepo mpaka mbali, wanarudi kwa miguu ufukweni wamebeba bodi kwapani na jua linawachoma. Hilo nalo halipostiwi.

Ndugu wawili Wafaransa wa kule Brittany, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili ubunifu wao wa kaiti ya mrija wa hewa mwaka 1984. Kaiti zao zilianza kuuzwa kama bidhaa ya mchezo huu mwaka 1997. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Waliobuni chombo walihangaika nacho zaidi ya miaka kumi, halafu mtu wa mjini anasema kakimaliza kati ya chai na chakula cha mchana!

WANAOUMIA NI AKINA NANI?

Watetezi wa mastaa wanauliza, kwani picha inamuumiza nani? Inaumiza watu wa aina tatu, tena wanahesabika.

Wa kwanza ni yule anayeiga. Shule za Paje msimu huu zinapokea wateja wanaofika na simu mkononi, wanaonesha klipu na kusema wanataka "kama hii". Mwalimu akiwaambia ni siku tatu, wanaona anawapiga hela. Akiwatajia bei ya kozi, ambayo ni mamia ya dola, wanaondoka. Halafu wanamkuta mtu ufukweni ana kaiti kuukuu yenye viraka, hana cheti, hana helmeti ya kumpa mwanafunzi, anawaambia "nipe elfu hamsini nikufundishe saa moja, utasimama". Hawamuulizi kile kifaa cha kujifyatua kinafanya kazi au kimeshaganda kwa chumvi. Wangejuaje cha kuuliza, wakati staa wao hakuwahi kukitaja?

Kuna jambo moja kuhusu mwili wa binadamu ambalo walimu wote wa mchezo huu wanalijua. Mtu akiogopa, mikono yake inavuta baa kuelekea kifuani, kama vile anakumbatia mti. Kumbe kuvuta baa ndiko kunakoiongezea kaiti nguvu. Yaani woga wenyewe unakanyaga mafuta. Kuifundisha mikono isivute wakati roho imeruka inachukua masaa, haichukui sekunde 12. Aliyeruka hayo masaa, siku kaiti ikimgeukia atafanya kile kile kinachommaliza. Na Paje maji ya karibu ni mafupi, chini kuna mchanga lakini pia kuna mawe na wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Kuanguka kwenye maji ya magotini ukiwa unavutwa siyo kuanguka kwenye godoro.

Na anayeumia anaweza asiwe yeye. Bahari ya Paje siyo studio. Maji yakipwa yanarudi nyuma mamia ya mita, na kule ndani wanaonekana akina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, vijiti na kamba vimepangwa safu kwa safu. Kilimo cha mwani pwani hiyo kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla hata ya kaiti ya kwanza kuuzwa. Hao wamama wapo kazini. Kuna wavuvi, kuna watoto wanaooga. Kaiti iliyomponyoka mtu asiyejua inakwenda na kamba zake, na kamba iliyokazwa na upepo inakata ngozi. Mama wa mwani hakuomba kuwa kwenye kiki ya mtu.

Wa pili ni yule anayeacha. Huyu haongelewi kabisa, na pengine ndiye anayeumiza moyo zaidi. Chini ya ile klipu ya staa, katikati ya sifa na makopakopa, dada mmoja msusi wa Sinza aliandika maoni marefu ambayo watu waliyapita. Alisema mwaka jana alidunduliza miezi saba, akapanda boti, akaenda Paje kujifunza. Siku mbili nzima alikuwa anaburuzwa na kunywa maji. Usiku akifungua simu anaona mastaa "siku ya kwanza" wamesimama wanacheka. Akajiona mzito, akajiona mzembe, akajiambia mambo haya yana watu wake. Siku ya tatu hakwenda. Akapoteza hela ya siku hiyo na kurudi Dar. Alimalizia hivi: "Mwalimu alinambia naenda vizuri, nikajua ananifariji tu."

Mwalimu hakuwa anamfariji. Alikuwa anamwambia ukweli, na uongo wa Instagram ukaushinda. Siku ya tatu ndiyo siku ambayo wengi wanasimama. Dada wa watu alikuwa amebakiza usiku mmoja.

Fikiria ni wangapi kama yeye. Ukienda Paje utaona wanaojifunza wengi ni wageni, Wazungu wanaokaa wiki mbili, wanaanguka mchana kutwa wala hawaoni aibu, kwa sababu kwao kuanguka ndiyo kujifunza. Mtoto wa Kitanzania akianguka mara tano anatazama pembeni kama kuna mtu anamrekodi. Hiyo aibu imetoka wapi? Imetoka kwenye kutazama watu wanaojifanya hawaanguki.

Wa tatu ni yule kijana aliyekatwa kwenye picha. Walimu wengi weusi mnaowaona Paje ni vijana wa pale pale na vijiji vya jirani. Wapo walioanza utotoni kwa kuwakusanyia wageni kaiti na kuwapigia pampu, wakaomba dakika chache za kujaribu kaiti zikiwa hazina mtu, wakajua. Leo wanafundisha kwa Kiingereza, Kiitaliano na Kijerumani, lugha walizookota mchangani. Klipu ya staa ilimtaja mwenye hoteli, mwenye nguo za kuogelea, mwenye juisi, na mtu aliyempaka kucha. Kijana aliyemshika asivunjike shingo hakutajwa hata kwa jina moja. Kapsheni ikasema staa "amejifundisha mwenyewe".

Hapo kuna dharau, siyo usahaulifu. Mashabiki laki kadhaa wa staa wangemjua yule kijana, wangapi wangemtafuta msimu ujao? Kwake hiyo ni ada ya mtoto, siyo laiki.

JINSI YA KUMJUA MUONGO

Kwa faida ya wadau, dalili za uongo wa kaiti ziko wazi kabisa ukishajua pa kuangalia.

Nywele kavu na kope za kubandika bado ziko mahali pake. Hakuna mwanafunzi wa siku ya kwanza mwenye nywele kavu. Anatoka majini kama kuku aliyenyeshewa.

Kaiti iko chini nyuma yake na imemwagiwa mchanga juu. Mchanga unawekwa ili upepo usiibebe ikiwa imepumzishwa. Maana yake hiyo kaiti imelala, na yeye amekwenda kuiamsha kwa picha.

Kamba hazipo. Ameshika baa kwa madaha, lakini ukifuata kamba hazifiki popote, zimezungushwa kwenye baa hiyo hiyo.

Amebeba bodi begani anatembea kuelekea kwenye jua. Huyo ni msanii wa kiume wa Bongo Fleva aliyeposti wiki iliyopita, na bodi yake bado ilikuwa na kibandiko cha shule kinachosema inakodishwa. Kaka, wanaume nao wamo. Hii siyo vita ya wanawake.

Na ile kubwa kuliko zote: klipu inakatika pale pale mguu unaponyanyuka.

"NI WIVU TU"

Majibu ya watetezi yanajulikana, yapo matatu, na yote yana shimo.

La kwanza ni wivu. Kila anayesema ukweli mjini hapa ana wivu. Sawa. Ila wivu wa nini hasa, wa kuanguka kifudifudi? Kama angeposti sekunde zote 13, hata wanaomsema leo wangempigia makofi.

La pili, eti wanautangaza utalii wa Zanzibar. Hapa wana hoja kidogo na haki yao wapewe. Kweli kuna Watanzania wamejua Paje ina upepo mzuri kwa sababu ya posti za mastaa. Wamejua kuna kusi kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, na kaskazi kuanzia Desemba mpaka Februari, na kwamba mwamba ulio mbele unakata mawimbi makubwa na kuacha maji yaliyotulia ya kujifunzia. Hiyo ni faida. Lakini tangazo linalomleta mteja akiwa na matarajio ya uongo linamleta mara moja tu. Anaondoka na hasira au na bandeji, na hamleti rafiki yake.

La tatu, eti ni burudani, msiwe siriasi. Mbona kwenye mambo mengine hamsemi hivyo? Msanii akijifanya kuimba laivu huku wimbo unajiimba wenyewe, mnamzomea mpaka anashuka jukwaani. Na hapo hakuna anayeweza kuumia. Kwenye kaiti mtu anaweza kuumia kweli, ndiyo mnasema ni burudani?

Tena wakati huu ndipo uongo unapogharimu zaidi, kwa sababu mchezo umekua. Mwaka 2024 mbio za kaiti ziliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kwenye michezo ya Paris, na zilifanyika baharini kule Marseille. Wanawake walikuwa na medali zao na wanaume zao. Tanzania ina pwani ndefu, ina upepo mara mbili kwa mwaka, ina vijana wanaoijua bahari tangu wakiwa wadogo. Kinachokosekana ni wasichana na wavulana wanaoamini kwamba kuanguka siku mbili ni kawaida, wakabaki mpaka ya tatu. Huo ndio mtaji ambao kiki inauchoma.

MMOJA ALIYEFANYA VIZURI

Na siyo kwamba haiwezekani kuposti ukweli ukapendwa. Kuna mtangazaji mmoja wa redio, mwanamama wa makamo wala siyo mrembo wa mashindano, alikwenda Paje msimu wa kaskazi uliopita. Siku ya kwanza aliposti akiwa amekaa mchangani na mchoro wa saa mbele yake, amekunja uso kama anafanya mtihani wa hesabu. Siku ya pili aliposti sauti tu, anakohoa maji, anacheka, mwalimu anasikika akisema, "Dada yangu, achia baa, achia, usiikumbatie." Siku ya tatu hakusimama. Akaandika kwamba hakusimama. Siku ya nne alisimama kama sekunde nne, akaanguka, na akaweka klipu yote na jina la mwalimu wake juu kabisa.

Watu walimtania wiki nzima. Na watu hao hao walimuuliza mwalimu anapatikana wapi. Hakupoteza heshima hata kidogo, aliongeza. Maana mtu akiona mtu mzima mwenye jina lake anameza maji bila aibu, anajiambia hata mimi naweza.

BASI WAFANYE NINI?

Hakuna anayesema mastaa wasiende Paje. Waende, wale pweza, wapige picha, wavae wanavyotaka. Kama ni picha tu, waseme ni picha tu. Kapsheni ya "nimepiga picha na kaiti, sijaigusa bahari" haimuui mtu.

Wakisema wanajifunza, waseme ni siku ya ngapi na masaa mangapi. Wamtaje mwalimu kwa jina, kama wanavyomtaja mtu wa kucha. Waache klipu iende mpaka mwisho wake. Na wakialikwa bure na hoteli, waseme wamealikwa, ili dada wa Sinza asidhani bei ni ndogo kiasi cha kuiendea na nauli ya boti peke yake.

Na wewe unayetaka kwenda Jumamosi, usiende kwa sababu ya klipu. Nenda kwa sababu unataka, na uende na siku za kutosha. Kabla hujatoa hela muulize anayekufundisha cheti chake kiko wapi. Muulize mtakuwa wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja. Muombe akuoneshe kifaa cha kujifyatua kikifanya kazi mbele ya macho yako. Uliza helmeti na jaketi la kuelea vipo ndani ya bei au hapana. Mwambie ukweli kuhusu kuogelea kwako, hata kama ni aibu, kwa sababu wengi wa Dar tumekulia karibu na bahari bila kuijua. Muulize saa ngapi maji yanajaa, maana masomo Paje yanapangwa kwa maji na upepo, hayapangwi kwa ratiba yako ya kupiga picha. Akikuambia leo hakuna somo upepo umezidi, huyo ndiye mwalimu wa kumrudia kesho. Akikuambia "usijali, utasimama leo leo", chukua begi lako uondoke.

Na ukianguka, anguka. Ukameze maji yako kwa amani.

Yule staa wa Bongo Movie mpaka sasa hajajibu kitu, ila klipu ya sekunde 12 bado iko kwenye ukurasa wake na bado watu wanauliza bei. Anaweza kuimaliza hii stori kwa dakika moja: aweke ile sekunde ya 13 na amtaje kijana. Mashabiki wake watacheka siku moja, halafu watamheshimu.

Wadau mnasemaje, ni kiki isiyo na madhara au imezidi? Na waliowahi kujifunza kaiti kweli, wa Paje, wa Jambiani, mpaka wa Diani kule Kenya, tuambieni hapo chini mlisimama siku ya ngapi. Waongo wa siku ya kwanza wapite kimya kimya.